Chemsha bongo ya "Mwisho wa Reli" inanigombanisha na baba mkwe, naombeni ushauri

Mkwe wa Ujiji
Habari zenu wakuu. Mimi niko Kigoma mjini, Mwanga, ila mke wangu kwao ni Ujiji. Baba mkwe ni mstaafu wa reli na tangu astaafu kazi yake kubwa ni kahawa na ile chemsha bongo ya gazeti la wikiendi, ile ya viboksi, maneno ya kulala na ya kusimama. Gazeti huku linafika limeshapoa lakini yeye hajali, anaanza kulisoma kwa nyuma. Jumapili nikienda kumsalimia tunajaza wote, na kiukweli ndo kitu pekee tunachoongea mimi na yeye maana mkwe na mkwe mtaongea nini zaidi ya mvua na bei ya mawese.

Sasa wiki hii fumbo limekuja na kichwa juu kimeandikwa "Mwisho wa Reli". Mzee kuona hivyo akanyoosha mgongo akasema hili limetungwa kwa ajili yangu. Hata mimi nikajua humu kutakuwa na Kigoma, Uvinza, Kaliua, behewa, tiketi. Wakuu tumejaza karibu lote na hakuna hata kitu kimoja cha treni! Majibu marefu ni manne tu. Namba 1 ya kulala, "Mhimili mmoja kati ya mitatu", SERIKALI. Namba 9, "Lugha ya taifa", KISWAHILI. 24, "Ukienda kumwona mtu huko beba uji", HOSPITALI. 28, "Iko shamba, yakuwashia nini?", PILIPILI. Hayo hatujabishana.

Ugomvi uko namba 15 ya kulala, katikati kabisa ya fumbo, viboksi vitano. Kidokezo ni "Kila mtu ana zake". Mzee hakufikiria hata sekunde, akaandika SHIDA. Kwa kalamu ya wino. Mimi nikasema baba naona kama ni AKILI, akili ni nywele kila mtu ana zake, hata mtoto wa darasa la nne anaijua hiyo. Akaniangalia tu. Kibaya zaidi herufi tuliyokuwa nayo ni ya tatu, I, na I ipo kwenye SHIDA na kwenye AKILI sehemu ileile!! Nikahamia 11 ya kusimama ambayo inaishia kwenye kile kiboksi cha mwisho, "Rubani hapuuzi hii", viboksi vinne. Mimi RADI, mzee RADA. Yaani kila nikibana huku anatokea kule.

Tumewekeana dau la migebuka miwili mikubwa, wale samaki wa ziwani kwetu, na kijiwe chote cha kahawa kinajua, majibu yanatoka gazeti la wiki ijayo. Naombeni mnisaidie, nani yuko sahihi, hicho kichwa cha reli kinahusiana na nini, na kama ni mimi niko sahihi namweleza vipi mzee bila kuonekana namfundisha mtu aliyenipa mke.

Dagaa Mkavu
Mi nimekuja kusoma majibu tu. Ila SHIDA nimeielewa zaidi, hasa tarehe hizi.

Kahawa Chungu
Baba mkwe hashindwi. Nunua migebuka, peleka, sema shikamoo, uzi ufungwe.

Fundi Saa Kaliua
Mnazunguka bure nyie, kichwa si kimeshasema? Mwisho wa reli ni Kigoma, reli ya kati ilifika hapo 1914 ikagota ziwani. Kwa hiyo katikati lazima kuna kitu cha huko huko. UJIJI!! Hesabu herufi, tano. Ya tatu ni I. Nisalimie mzee mwambie wote mmekosa.

Mkwe wa Ujiji
Fundi dah, hiyo nikimwambia mzee ndo atahama kabisa kwenye SHIDA na mimi sitaonekana tena, maana atasema ameshinda na kijiji chake.

Ticha Mstaafu Tabora
Mkwe, kwanza hongera kwa kupata baba mkwe wa namna hiyo, wengine wakwe zetu tuliongea nao siku ya posa tu. Mimi niko Tabora, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na haya mafumbo nilikuwa nawachorea wanafunzi ubaoni Ijumaa kipindi cha mwisho wakishachoka.

Fundi wa Kaliua, herufi umezipatia ila sarufi umeikosa. Kidokezo kinasema "zake". Ujiji haiwi zake hata ukiikodishia lori. Hii ndo silaha ambayo wanaojaza kwa Kiingereza hawana kabisa, ngeli inakuchungulia dirishani kabla hujagonga mlango. Ukiona "vyake" unajua jibu litaanza na VI au VY, ukiona "zake" unatafuta nyimbo, nyumba, shida, akili, vitu vya aina hiyo. Na silaha nyingine, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo kiboksi cha mwisho unabahatisha herufi tano tu. Ndo maana hapo kwenye RADI na RADA mmebaki mnagombania irabu, na mtungaji alijua mtagombana, hiyo ni makusudi.

Sasa tuje kwenye kichwa. Fumbo likiwa na mada si lazima mada iwe kwenye maana ya maneno. Mara nyingine iko kwenye viungo vyake, kichwani, tumboni au mkiani. Chukua karatasi uyaandike hayo majibu marefu moja chini ya jingine, halafu usisome, tazama tu mkiani:

SERIKALI
KISWAHILI
HOSPITALI
PILIPILI

Kisha andika chini yake RELI.

Mwisho wa reli sio Kigoma, mkwe. Mwisho wa reli ni LI.

Mkwe wa Ujiji
Weeeee 😂😂😂 nimepiga kelele mpaka mama watoto katoka jikoni na mwiko

Dagaa Mkavu
Huyo mtungaji ni mtu mbaya sana

Ticha Mstaafu Tabora
Bado sijamaliza. Mtu anaweza kusema sawa, manne yanaishia LI, lakini nani kasema na la katikati limo kwenye mada? Hapo angalia viboksi vyeusi. Mafumbo ya magazetini mengi yanachorwa hivi, ukiligeuza gazeti miguu juu kichwa chini mchoro wa vyeusi unabaki uleule. Kwa hiyo majibu ya mada yanatembea kwa jozi kama polisi wa doria. SERIKALI herufi nane juu, PILIPILI nane chini. KISWAHILI tisa, HOSPITALI tisa. Hesabuni. Lile la katikati kabisa halina mwenzake kwa sababu linajitazama lenyewe, na mtungaji mwenye mada hawezi kuacha kiti kama hicho akakalie mpita njia. AKILI inaishia LI. SHIDA inaishia DA, hiyo treni imegeuza inarudi Dar.

Mchezo wenyewe una asili yake New York, alitunga Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool kule Uingereza, ukatoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913 ukiwa na umbo la almasi. Mwaka uliofuata ndo hiyo reli anayosema Fundi ikafika Kigoma, kwa hiyo mwambie mzee fumbo na reli yake ni rika moja, labda hiyo itampoza. Wamarekani ndo wamekomaa sana na hizi za mada. The New York Times walianza kuchapa ya kwao 1942, na ya Jumapili mpaka leo inakuja na kichwa juu kama hiyo yenu. Za siku za kawaida hazina kichwa, mada unaitafuta mwenyewe gizani na mara nyingi kuna kidokezo kimoja kuelekea chini kinachoifichua.

Halafu mkwe hebu tuambie, 15 ya kusimama inasemaje? Maana kama inaanzia kiboksi hichohicho, herufi yake ya kwanza ndo A au S.

Asali ya Sikonge
Swali kwa ticha, PILIPILI ina LI mbili, moja iko katikati. Hiyo haiharibu mada? Mi naona hapo mtungaji kateleza.

Ticha Mstaafu Tabora
Sikonge umeona mbali. Mtungaji mkali sana angeikwepa. Mimi naisamehe kwa sababu kichwa kinasema mwisho, na LI ya mwisho ipo. Ile ya katikati tuite stesheni ya kupishana.

Mkwe wa Ujiji
Ticha nimekimbia kuiangalia picha niliyopiga kwenye simu. 15 ya kusimama kidokezo ni neno moja tu, "Namna", viboksi vinne. Ilikuwa wazi. Nimempigia mzee kijanja kumuuliza, nikajidai namsalimia. Akasema ameshaijaza jana, SURA. "Sura ya jambo ni namna ya jambo, wewe hukusoma?" Na ameniuliza kama migebuka naijua bei yake.

Kahawa Chungu
Nilikwambia. Mzee huyo hata umpe AINA atakwambia aina za shida.

Ticha Mstaafu Tabora
SURA imenifurahisha, mzee si mtu wa kubeza. Lakini Kahawa hapo juu kishapata jibu bila kutaka, AINA. Sasa tazameni herufi ya tatu. SURA inataka R, AINA inataka N. Kuna neno la kulala linalopita hapo?

Mkwe wa Ujiji
Lipo, 19 ya kulala, linaanzia hapohapo. "Hupandwa isiote". Viboksi vitano na cha mwisho ni I. Hatukuipata, tulihangaika na mbegu zote za duniani, mzee alitaja mpaka mchikichi.

Binti Gungu
Hupandwa isiote = NGAZI 😂 inapandwa kwa miguu jamani sio kwa jembe

Asali ya Sikonge
Hicho ni kitendawili kabisa, bibi yangu angekijibu huku anachambua mchele.

Ticha Mstaafu Tabora
Binti Gungu pokea mji. Ndo hivyo, NGAZI inaanza na N, N inaua SURA, SURA ikifa S imekufa, na S ikifa SHIDA haina pa kuanzia. Hapo hata mada huihitaji. Fumbo zuri linakupa njia mbili za kufika nyumba moja, unaweza kuingia kwa kuvunja kichwa chake au kwa kutambaa kiboksi kwa kiboksi.

Binti Gungu
Ila jamani mnamsaidia kushinda, hamumsaidii alichoomba. Kauliza anamwelezaje mzee. Mimi baba yangu naye ni wa namna hiyo, ukimwambia "baba umekosea" unakula ugali wako kimya wiki nzima. Mkwe, usimwambie LI. Usiguse kabisa 15. Wewe nenda Jumapili na swali la 19 tu, sema baba hii imenishinda, hupandwa isiote, nimetaja mbegu zote. Muache aipate NGAZI mwenyewe, na kama haipati panda juu ya kiti uchezee balbu. Akishaandika N ataona mwenyewe SURA yake imekaaje. Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndo kazi, najua wanaume inawashinda.

Na hiyo ya reli, muulize kama mtu asiyejua, "baba hivi neno reli linaandikwaje mwishoni, LI au RI?" Unaenda kunywa maji.

Fundi Saa Kaliua
Mimi bado naona UJIJI ilikuwa jibu zuri.

Mkwe wa Ujiji
MREJESHO. Wakuu nimetoka Ujiji sasa hivi, nimefuata ya Binti Gungu neno kwa neno. Nimemkuta barazani, nikaanza na ngazi. Akakaa nayo kama dakika kumi, kahawa imepoa, mara akacheka peke yake, "wajinga hawa, ni ngazi!" Akaandika N... G... akasimama. Akaivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akarudi 15. Mimi macho kwenye mwembe. Sikumeza hata mate.

Akasema kwa sauti ya chini "aina". Halafu akanyamaza muda mrefu nikadhani kasinzia. Nikamtupia lile swali la reli, LI au RI. Akanijibu kwa ukali "LI, nimefanya kazi miaka thelathini na..." hakumalizia. Kidole kikaanza kushuka, serikali, Kiswahili, hospitali, pilipili. Kuna kitu sikutegemea, hakukasirika, alifurahi kama mtoto, akamwita mama mkwe aje aone, akamweleza mada yote mwanzo mwisho kama vile yeye ndo kaigundua, na kwa kweli kaigundua. Wino umefutwa kwa wembe na mate, RADA imekuwa RADI, gazeti limetoboka hapo katikati.

Migebuka amelipa. Ila amesema SHIDA nalo lilikuwa jibu, mtungaji ndo hakuwa na shida siku hiyo.

Sasa limekuja jipya leo, kichwa chake "Kichwa cha Samaki". Safari hii mzee hakungoja mtu, kasema majibu yote marefu yanaanza na SA, na mpaka sasa yanakubali. Tatizo ni namba 1 ya kulala, viboksi sita, "Huletwa kabla ya chakula". Yeye kaandika SAHANI, kwa wino. Mimi nasema SABUNI, si unanawa kwanza?

Dagaa Mkavu
Aisee zote zinaanza SA na zinaishia NI 😂😂

Ticha Mstaafu Tabora
Mkwe, tupe ya kusimama inayopita kiboksi cha tatu. Na usimpigie simu.