Nataka digrii ya saikolojia, shuleni sikuisoma. Niombe vipi?

Mwana_Kisauni: Assalam aleikum. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, nimepata B-. Nataka saikolojia lakini sijawahi kuisoma popote. Nitakataliwa kwa hilo? Na kwenye maombi niandike nini?

Kibokoni: Waaleikum salaam dada. Hukataliwi. KCSE haina somo la saikolojia, kwa hivyo nyote mnaoomba mko hali moja. Kima cha chini cha digrii ni C+, na hapo umeshapita. Kazi iko kwenye pointi za klasta, yaani za masomo manne ambayo kozi huyatazama. Ukitaka kuzikadiria: jumla ya pointi za masomo manne ya klasta gawanya kwa 48, jumla ya pointi za masomo yako saba gawanya kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Tuseme manne yana 34 na saba yana 56, utapata kama 32.98. Mwenye B- mwenzio anaweza kukupita kwa sababu alama zake nono zimeangukia klasta. Hesabu kamili utaiona ukiingia kwenye akaunti yako ya KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni.

Ferry_Likoni: KUCCPS hawataki barua ya kujieleza. Barua ni ya vyuo vinavyopokea maombi moja kwa moja, na huko usiandike "napenda kusaidia watu", kila mtu huandika hivyo. Shika ulichosoma: biolojia ilikufundisha neva na homoni, hisabati ilikupa wastani na uwezekano. Kisha taja swali moja, kwa mfano kwa nini mtu husahau alichokariri usiku wa kuamkia mtihani.

Kibokoni: Tena soma jina la kozi vizuri. Saikolojia, saikolojia ya ushauri nasaha na kazi ya jamii si kitu kimoja. Na digrii ya kwanza haikufanyi mwanasaikolojia wa kliniki, hiyo hudai uzamili. Anayeandika dawa ni daktari wa akili, naye huanzia udaktari. Kazi hii Kenya ina sheria yake ya mwaka 2014 na bodi ya usajili, basi uliza kozi inatambuliwa kabla hujalipa karo.

Mwana_Kisauni: Shukran. Hisabati nina C-. Itanifunga?

Ferry_Likoni: Inategemea chuo. Fungua kila kozi usome masharti ya masomo, usitazame gredi ya jumla pekee. Lakini takwimu utazikuta ndani ya kozi, huzikwepi. Wengi hukwama pale, si kwenye nadharia za kina Freud. Anza sasa na wastani, mchepuko (namba zinavyotawanyika) na grafu.