Mjadala: Je, mtu hujifunza bila kujua kwamba anajifunza?

Mama wa vitumbua, Makorora

Ndugu zangu wa Tanga, salaam. Kuna kijana anapita nyumba kwa nyumba huku kwetu anauza memori kadi zenye masomo ya darasa la saba yaliyorekodiwa. Anasema mtoto akishalala umwekee simu karibu na mto, masomo yataingia yenyewe. Mume wangu kanunua. Leo usiku wa tatu mwanetu analala huku sauti inamtajia mito ya Tanzania, na asubuhi anaamka macho mekundu.

Mie sitaki. Lakini siwezi kusema kwamba kujifunza bila kujua ni uongo, maana nimekuona. Binti yangu ana miaka tisa, sijamfundisha vitumbua hata siku moja. Hukaa kando yangu alfajiri akisubiri cha kwanza. Juzi niliinuka kumlipa mwenye kuni, kurudi nakuta kageuza vyote saba, hakuna kilichoungua wala kilichomwaga uji. Nikamuuliza, umejuaje kwamba vimeshika? Akanijibu, "Vimenyamaza."

Ni kweli. Kitumbua kibichi kinachachatika pembeni, chini kikishashika ule mlio unapoa. Miaka kumi na minane nageuza kwa mlio huo na sikuwahi kumtajia mtu. Nilikuwa sijui kwamba naujua, mpaka mtoto aliponiambia. Sasa nimjibu nini baba yake?

Mwalimu wa Kiswahili, Ngamiani

Mama, umegusa jambo ninaloliona darasani kila siku. Msikilize mtoto wa miaka minne wa hapa Tanga: atasema "kuku wangu", "mbuzi wangu", lakini "bibi yangu", "kaka yangu". Hasemi "bibi wangu". Wote ni viumbe hai, kitenzi chao ni kimoja, amekuja na amekuja, ila kwenye umiliki majina kama haya ya udugu na urafiki yanajitenga na ya wanyama. Nani kamfundisha? Mama yake mwenyewe ukimuuliza kanuni hiyo hawezi kukutajia, na wala hakosei.

Wataalamu wamelipima hili. Mwaka 1996 nchini Marekani, Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wachanga wa miezi minane silabi zinazofuatana bila kituo kwa dakika mbili tu. Baadaye watoto wale walionyesha kutofautisha silabi zilizokuwa zikiandamana daima na zile zilizokutana kwa bahati. Mtoto wa miezi minane hakukusudia kujifunza chochote.

Ila memori kadi ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1956 Simon na Emmons waliwachezea watu waliolala maswali na majibu yaliyorekodiwa, huku wakipima mawimbi ya ubongo ili wahakikishe wamelala kweli. Waliokuwa usingizini hasa hawakukumbuka kitu. Binti yako alikuwa macho, mama, na njaa yake ilikuwa kwenye kile chuma.

Fundi baiskeli, Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Kwenye usingizi nakuunga mkono. Kwenye hilo la kwanza nakubishia.

Nimelea vijana wawili kibandani. Mmoja alikaa mwaka mzima, macho kwenye simu, mimi nagonga spoku na kunyoosha ringi mbele yake. Mpaka anaondoka hajui spoku iliyolegea inalia vipi. Wa pili alikuwa anainamisha sikio kila nikigonga, na kwa miezi mitatu nikawa namwachia gurudumu la mteja. Masikio ya wote wawili yalipata mlio uleule. Tofauti ni nani kaweka akili.

Na huyo binti wa vitumbua, mbona alipoulizwa kajibu palepale? Basi alikuwa na habari. Tusiseme mtu hajui kwa sababu tu hatujawahi kumuuliza.

Mwalimu wa Kiswahili, Ngamiani

Marahaba fundi. Hoja yako ni nzito, na wako wataalamu wanaoishikilia. Shanks na St. John waliandika mwaka 1994 kwamba katika majaribio mengi watu walikuwa na habari ya walichojifunza, ila waliulizwa vibaya. Kuhusu binti nakubali, yeye alijua. Aliyekuwa hajui ni mama yake.

Lakini mfikirie Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa, akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo tu, siku tatu mfululizo. Kila siku alikuwa hakumbuki kabisa kwamba amewahi kuifanya, na kila siku mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi. Huyu ungemuuliza kwa namna yoyote, asingekuwa na la kukujibu.

Kwa hiyo nakupa nusu, fundi. Akili lazima iwe kwenye kazi. Kujua kwamba unajifunza, hilo si lazima.

Fundi baiskeli, Chumbageni

Nusu hiyo naipokea. Kijana wangu wa pili hakuwa anajiambia "nasoma mlio". Alikuwa anataka gurudumu linyooke.

Mama wa vitumbua, Makorora

Ahsanteni, wallahi mmenisaidia. Jana mume wangu kasema tumpime huyo anayelala na simu kabla ya kubishana. Asubuhi, kabla hajanawa uso, tukamuuliza ile mito ya usiku kucha: Rufiji, Ruvuma, Malagarasi, Kagera. Kataja mmoja tu, Pangani. Bibi yake anakaa Bweni, tukienda kumwona tunauvuka kwa kivuko, na yeye hung'ang'ania kusimama mbele aone maji.

Usiku wa leo simu imelala chumbani kwetu.