Tupeane uzoefu: Umechaguliwa chuo, sasa mpaka usajiliwe

Mtoto wa Gereji
Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu wa kike kachaguliwa mwaka wa kwanza, chuo kimoja cha Dodoma. Nyumbani Kasulu wameshachinja jogoo. Mimi ndo naambiwa "wewe uko mjini, malizia". Nimepakua joining instruction, yale maelekezo ya kujiunga, kurasa kumi na nne, nimeisoma mara mbili na bado sijui nianzie wapi. Kuna fomu ya daktari, kontroo namba ya malipo, bima, mpaka godoro la futi mbili na nusu. Mimi huko sikupita, nilienda VETA, chuo cha ufundi, nikaishia chini ya magari. Mliopita, au mliosindikiza watoto, semeni kilichowakuta wenyewe. Ushauri wa jumla ninao wa kutosha.

Mnyalu wa Mbali
Anza na laini ya simu. Mimi nilichaguliwa vyuo viwili raundi ya kwanza. Ukishachaguliwa zaidi ya kimoja, TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanataka uthibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwenye simu au barua pepe uliyoombea. Sasa mimi niliombea kwa namba ya jamaa wa stationery pale Mafinga. Simu yangu ilikuwa imezima chaji, akaniambia "weka yangu tu, utabadilisha". Majina yanatoka, jamaa kahamia Makambako na laini kaitupa. Siku mbili nzima natafuta mtu anayemjua! Kumbe unaingia kwenye akaunti yako ya maombi ya chuo, unaomba utumiwe tena. Ikaniangukia kwenye barua pepe ambayo hata nywila yake niliikumbuka kwa kubahatisha. Nilithibitisha saa nne usiku, dirisha linafungwa kesho yake.

Mtoto wa Gereji
Huyu kachaguliwa kimoja tu, hapo nimepona. Endeleeni.

Mama Wawili
Kwetu shida ilikuwa herufi. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kinasema Athumani, cha form four kinasema Othman. Baba ni huyo huyo mmoja. Yule dada wa dirishani hata hakusema neno, aliweka vyeti viwili sambamba, akaweka kidole kwenye jina la hiki, kidole kwenye jina la kile, akanisogezea vyote. Tulitoka tukatafuta wakili, tukaapa kiapo cha majina, tukarudi foleni ikiwa imeshazunguka jengo. Mdogo wako akae leo na vyeti vyake vyote mezani, asome jina herufi kwa herufi. Na kama mzazi ana bima ya afya ya NHIF na binti yumo, abebe kadi yake. Mimi niliisahau nyumbani, nikalipa 50,400 ya bima ya mwanafunzi wakati tayari anayo. Bado inaniuma.

Chaki Nyeupe
Fomu ya daktari msiichezee. Nilijua ni muhuri tu. Nimefika hospitali ya wilaya saa moja asubuhi, naambiwa kipimo cha damu, mkojo, choo, halafu picha ya kifua, na mashine ya picha siku hiyo mbovu. Nikarudi Alhamisi. Kuna rafiki yangu aligongewa muhuri na mtu wa duka la dawa. Chuoni walimrudisha akapime upya, kwa hela yake.

Asiye na Jina
Mimi nilipigwa. Wiki moja baada ya majina kutoka nikapigiwa, mtu ananijua jina kamili, kozi, mpaka namba ya form four. "Hosteli zimebaki chache, tuma laki moja na themanini kwenye namba hii nikushikie." Sauti ya kiofisi kabisa, nyuma unasikia mtu anapiga muhuri. Nilituma. Majina yenyewe yalikuwa yamebandikwa hadharani, yeyote angeyasoma. Ada ya kweli inalipwa kwa kontroo namba unayoitoa mwenyewe kwenye akaunti yako, na ukiangalia kabla ya kuthibitisha inakuonyesha jina la chuo.

Karani wa Zamani
Niliwahi kukaa upande wa pili wa lile dirisha, kwa hiyo nisemee huko. Wanaopoteza nafasi wengi siyo waliokuja na karatasi pungufu. Ni waliobaki nyumbani wakisubiri zitimie. Anayefika na sehemu ya ada, anaulizia barua ya kuomba kulipa kwa awamu, mara nyingi tulimtafutia njia. Aliyetokea wiki ya tano na hela yote mkononi tulimwambia aombe kuahirisha mwaka. Alete vyeti halisi pamoja na nakala. Waliosoma diploma, namba ya AVN, ile ya kuhakiki cheti cha diploma inayotolewa na NACTVET, wawe nayo tangu wakati wa kuomba.

Kigodoro
Karani kasema kweli. Mimi nilifika na elfu sitini na begi. Jina langu kwenye mkopo lilitoka awamu ya pili, na boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, huwezi kuisaini kama hujasajiliwa. Wiki tatu nilibebwa na jamaa wa Tabora ambaye tulikutana kwenye foleni, kitanda kimoja, yeye kichwa huku mimi kichwa kule. Nilikwenda ofisi ya washauri wa wanafunzi kila asubuhi, mpaka mlinzi akadhani nafanya kazi pale. Nikasajiliwa siku moja kabla ya kufunga. Yule jamaa leo ni shemeji yangu.

Mtoto wa Gereji
Wakuu, mrejesho. Vyeti tulikagua, kweli kuna "Magreth" na "Magret". Kiapo kimefanyika hukohuko Kasulu. Kifua kapigwa picha, kadi ya bima ya baba kabeba. Jana saa tisa kanitumia picha ya karatasi ya usajili, ina namba yake na muhuri wa bluu. Godoro kalisahau stendi.

Kigodoro
Mwambie atafute mtu wa kumbeba.

Mtoto wa Gereji
We Kigodoro, huyo ni dada yangu.