9 Desemba Nyanda za Juu Kusini: tuondoe vya wageni, au tuanze na ratiba?

Mleta hoja, Iringa mjini

Kamwene wote. Naileta mapema kabla kamati za kata na shule hazijakaa kupanga Sikukuu ya Uhuru. Kuanzia Mafinga hadi Tunduma, ukikaa uwanjani siku hiyo utakutana na amapiano, fataki za Kichina, keki ya rangi za bendera na fulana zilizochapwa. Ngoma zetu za asili, kiduo inapewa dakika tano, ing'oma dakika tano, mchana uliobaki ni wa DJ. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni akiwaambia wabunge kwamba tunaijua rumba, twist na foxtrot kuliko ngoma zetu kama gombe sugu, nyang'umumi na hicho kiduo. Zaidi ya miaka 60 imepita, tumebadilisha jina la mtindo tu. Napendekeza kwenye sherehe za kata na za shule vitu vitatu vifutwe: fataki, keki, na muziki wa nje. Anayepinga apinge kwa hoja.

Mwalimu wa historia, Tosamaganga

Kamwene. Orodha yako ndugu yangu imeanzia mwisho. Kama kigezo ni kutoka nje, tuanze na kitu kikubwa zaidi uwanjani, gwaride. Lile ni la jeshi la Mwingereza, limepita King's African Rifles, jeshi lake la kikoloni huku kwetu, likaingia Tanganyika Rifles, na baada ya maasi ya Januari 1964 likarithiwa na JWTZ iliyoundwa 1 Septemba mwaka huohuo. Hatua ya sentimita 75, mwendo wa haraka hatua kama 120 kwa dakika, kichwa kulia unapopita jukwaa kuu: hakuna kilichobuniwa Kalenga kwa Mkwawa hapo. Mizinga 21 ni desturi ya manowari za Ulaya. Skauti wanaomvisha mgeni rasmi skafu ni chama cha Baden-Powell wa Uingereza. Halaiki, ile ya watoto mamia kuunda maumbo kwa miili, mtindo wake ulikuzwa sana Czechoslovakia na Korea Kaskazini.

Kisha Wimbo wa Taifa. Lahani yake ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897. Wazambia pale Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, wanaimba lahani hiyohiyo kwa maneno yao. Kwa hiyo amapiano unayotaka kuifuta na wimbo unaosimama wima kuuimba vimetoka nchi moja. Utaniambia mpaka unapita wapi?

Mleta hoja, Iringa mjini

Unapita kwenye kazi tuliyoifanya, mwalimu. Gwaride tumelichukua tukalipa amri za Kiswahili, mtoto wa darasa la tatu Ilula anajua "mguu sawa" bila kuambiwa ilitoka wapi. Wimbo tumeuandikia maneno. Amapiano tumeifanyia nini? Tunabonyeza tu.

Mpiga ngoma, Tukuyu

Mnabishana asili, ngoma inakufa kwa sababu nyingine kabisa, na naomba wanakamati wasome hapa polepole.

Kwanza ngozi. Desemba kwetu Rungwe ni mvua na ukungu. Ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi inanyonya unyevu, inalegea, sauti inakuwa ya gunia. Dawa ni moto wa magunzi au nyasi kavu: unashika ngoma mbali kidogo na moto, kama urefu wa mkono, unaizungusha dakika 10 hadi 15 huku unaigonga katikati na pembeni mpaka sauti mbili zitengane. Ukiiweka juu ya mwali, ngozi inapasuka kwenye matundu ya vigingi na hapo hakuna ngoma tena mpaka uwambe upya. Siku ya ukungu, ule mkazo unadumu nusu saa hivi. Maana yake moto lazima uwe hatua chache kutoka uwanjani na uwake muda wote. Sasa kamati inakataza moto karibu na mahema, inawaambia kikundi kije saa moja asubuhi, kinapanda jukwaani saa saba mchana na ngoma zilizolala. Watu wanasikia "bu, bu", wanacheka, wanamwita DJ. Ngoma za bendi zina plastiki badala ya ngozi, hazijali mvua. Ndiyo maana bendi inashinda Desemba, si kwa sababu ni ya mzungu.

Pili nafasi. Wachezaji 20 hadi 25 wanahitaji duara la mita 12 kwenda juu, ardhi ya nyasi au udongo, watazamaji wakizunguka pande zote. Jukwaa la mbao la mita sita kwa nne linawapanga mstari wakimtazama mgeni rasmi. Kiongozi wa wimbo yuko mbele, waitikiaji nyuma yake, hawamsikii, itikio linachelewa, miguu inafuata itikio, kila kitu kinachanganyika.

Tatu, zile dakika tano. Ing'oma haina utangulizi wa dakika moja kama wimbo wa redioni. Inapanda taratibu, anayeingia anaingia anapoitwa na mdundo, na utamu wenyewe unakuja kama dakika ya 15. Ukikata ya tano umeonyesha watu wakijiandaa kucheza.

Na kwa faida ya mleta hoja: mganda wa huko Ziwa Nyasa, na mapenenga ya Kyela, ambao wengi tunawaleta kama "ngoma ya asili" yenyewe, ni watoto wa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na kusambazwa na askari na wapagazi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Yale malipenga ya kibuyu, yenye utando wa buibui kwenye tundu ili yatoe mkoromo, yanaiga tarumbeta. Kaptula nyeupe na soksi ndefu mnazoziona si za babu wa babu. Hakuna aliyefuta. Wazee walichukua, wakaipigia kwa ngozi na kibuyu, leo ni yao.

Mleta hoja, Iringa mjini

Ndaga fijo, asante sana, kama msemavyo huko. Hilo la mganda linanipa nguvu mimi: walichukua *wakaipigia kwa kibuyu*. DJ hajapiga kitu kwa kibuyu.

Fundi mitambo, Mwanjelwa

DJ mnamwonea. Anajaza pengo ambalo ratiba imeliacha. Mgeni rasmi anaandikwa saa nne, anafika saa sita, watu elfu wamekaa kwenye mawingu. Nani atawashika saa mbili hizo? Zima muziki uone uwanja unavyohamia vibandani.

Lakini kuna makosa ya kiufundi naweza kuyataja kwa sababu yanarudiwa kila mahali. La kwanza, kupiga amapiano wanafunzi wakipita kwa gwaride. Amapiano inakwenda mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, hatua zao wamefundishwa karibu na 120. Mstari wa mbele unafuata spika, wa nyuma unafuata filimbi ya mwalimu, wanakanyagana visigino. Kama hakuna bendi, mpeni mtoto mmoja ngoma ya kamba shingoni apige, spika zizimwe.

La pili, maiki za ngoma. Mafundi wengi wanaacha ileile maiki ya mshereheshaji mbele ya ngoma kubwa. Inavuma, spika zinalia, fundi anashusha sauti yote, mwimbaji anapotea. Weka maiki moja ya waya kwa kiongozi wa wimbo, moja kwa waitikiaji kwenye kimo cha kifua, na ngoma usiziwekee kabisa kama watazamaji hawazidi mita 30. Zina sauti yake. Spika zikae mbele ya maiki zote, kamwe zisiwe nyuma ya wachezaji. Besi kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ipunguzwe kabla hawajaanza.

La tatu ni jenereta. Ukiunganisha spika za besi, friji ya soda na maiki zisizo na waya kwenye jenereta dogo moja, besi ikigonga umeme unashuka na maiki inakatika katikati ya hotuba. Wazee wanasema ni hujuma, kumbe ni friji.

Fataki naungana na mleta hoja, kwa sababu zangu. Ganda la milimita 75 linataka eneo tupu la mita zisizopungua 60 au 70 pande zote, na viwanja vingi vya kata vimezungukwa na nyumba na mazizi. Baruti ikipata unyevu hairuki juu inavyotakiwa, inapasukia chini. Na hata ikiruka, mawingu ya Mbeya mwezi huo yako chini sana, unasikia mlio huoni rangi. Hela imeenda mawinguni.

Mama lishe, Uyole

Keki mwacheni nayo, ni ya meza kuu, watu 20. Swali ni chakula cha umati, na hapo najua mtasema pilau ni ya pwani. Ni ya pwani, ndiyo. Ila fanyeni hesabu. Watu 100 kwa pilau: mchele kilo 12, wa Kyela kama mfuko unaruhusu, nyama kilo 10, viazi kilo tano, vitunguu kilo tatu, mafuta lita mbili. Sufuria moja kubwa, mkaa juu ya kifuniko, inakaa ya moto saa tatu mgeni rasmi akichelewa. Ugali wa watu hao ni unga kilo 20, wasongaji wawili wenye mikono, mboga mbili pembeni, na baada ya saa moja umekauka juu. Makande ndiyo yangefaa, lakini huku juu, karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, maharage hayaivi haraka kama Dar. Loweka usiku kucha, anza kuchemsha saa tisa alfajiri, usitie chumvi mpaka yalainike. Anayetaka makande atoe na hela ya kuni.

Na mkianza kufuta vya kigeni jikoni, mahindi na maharage yote asili yake Amerika. Mtabaki na ulezi.

Mchangiaji wa Kihesa

Mtabaki na ulanzi, pombe ya mianzi, mama. Ila mianzi huchipua na mvua, mapema Desemba ndiyo kwanza inaanza kugemwa. Kata ncha ya chipukizi, kwangua asubuhi na jioni, tundika mbeta, chombo cha kukingia. Mtamu ni wa siku hiyohiyo. Wa kesho yake si wa kumpa mwanafunzi wa gwaride.

Mkazi wa Tunduma

Mimi naona mnakwepa jambo. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za kitaifa, watu wakafanya usafi, shilingi bilioni 4 zikapelekwa barabara ya Mwenge–Morocco, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia akaelekeza milioni 960 kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sawa kabisa, sipingi. Lakini kama sikukuu ni yetu, miaka hiyo kata zingecheza zenyewe hata bila jukwaa. Tumezoea kuadhimisha ni kumtazama mgeni rasmi. Huo ndio uigaji wa kikoloni kuliko amapiano zote.

Mwalimu wa historia, Tosamaganga

Hapo nakubaliana nawe, ila usisahau bajeti ya kata. Kikundi cha ngoma ni watu 25, usafiri wa kwenda na kurudi, chakula, posho. DJ ni mtu mmoja na gari dogo. Kamati inachagua kwa hesabu.

Mpiga ngoma, Tukuyu

Basi hesabu ibadilike hivi, mwalimu. Chukueni kikundi kimoja cha jirani badala ya vinne vya mbali, kipewe dakika 40 badala ya tano. Duara lichorwe kwa chokaa mbele ya meza kuu, si jukwaani. Moto wa magunzi uwe upande ambao upepo hauelekei mahema, ndoo mbili za mchanga kando yake. Na kikundi kianze saa tatu, wakati watu wanaingia, sio baada ya hotuba. DJ aje mchana, mimi sina ugomvi naye.

Mleta hoja, Iringa mjini

Na mgeni rasmi akifika dakika ya 20, ngoma ndiyo inapanda?

Mpiga ngoma, Tukuyu

Asimame pembeni ya duara mpaka wimbo uishe. Mshereheshaji aambiwe jana yake, kwa maandishi, asikate.

Mleta hoja, Iringa mjini

Watu wa itifaki hawatakubali. Keki nimeiachia, amapiano bado sijaiachia.