Tupeane uzoefu: ulianza uzazi wa mpango ukiwa na watoto wangapi?

Mama Pacha Ujiji: Jana nimemsindikiza wifi yangu kliniki. Nesi kamuuliza, "Watoto?" Saba. "Umesoma mpaka?" La nne. Kaandika bila kuinua kichwa, kana kwamba jibu moja lilikuwa linatarajiwa kwenye lingine. Mimi nina diploma, na niliweka kijiti nikiwa na wanne tayari. Hebu tuambiane, wa Kigoma na Tabora.

Mwl wa Cheyo: Wawili tu, nikaweka kitanzi. Si shule peke yake, ni mshahara wangu mwenyewe. Nauli ya kliniki siombi mtu.

Mkulima Urambo: Mnajidanganya. Tumbaku inataka mikono. Na Hayati Magufuli 2018 aliwaambia watu waachane na huo uzazi wa mpango.

Mama Pacha Ujiji: Najua utasema elimu bure. Ada ya shule ilifutwa, kaka. Daftari, sare na unga navyo vilifutwa?

Mkulima Urambo: Wasomi mna majibu.

Bint Mwandiga: Mada hii imenitoa jasho. Mimi la saba. Mtoto wa tano nilimbeba wa nne bado yuko ziwani, namaanisha titi, si Tanganyika 😂. Mume wangu mvuvi wa dagaa: giza anaondoka, mbalamwezi anarudi. Vidonge vilinishinda, nasahau akiwa hayupo. Nikaanza sindano kimyakimya. Kila miezi mitatu naaga naenda kusaga. Kadi naificha kwenye debe la unga wa muhogo.

Siku hiyo mama mkwe kaja toka Uvinza, akasema ugali anasonga yeye. Mimi niko uani naanua dagaa. Nasikia, "Hii nini?" Kaipuliza kadi, unga ukaruka, tarehe zote hizo hapo. Yeye hajui kusoma. Akamwita mwanangu mkubwa, yuko la tano. Mtoto akasimama wima kama mbele ya mwalimu: "U-za-zi wa m-pa-ngo." Shule niliyompeleka mwenyewe! Na mbalamwezi ilikuwa imeiva, baba yao amelala ndani. Ngoja, mdogo analia, narudi.

Mwl wa Cheyo: Usituache hapo jamani!

Kijana wa Kasulu: Nimeunguza maharage nikisubiri.

Dada Nzega: Akija mwambieni aache sindano, inaleta ugumba. Anyonyeshe tu, inatosha.

Nesi Mstaafu: Hapana mwanangu. Baada ya sindano mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, huo si ugumba. Na kunyonyesha kunakinga miezi sita ya kwanza tu, mtoto hali kingine, usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Siku moja ya uji imeharibu hesabu.

Dada Nzega: Shangazi yangu ilimkuta.

Nesi Mstaafu: Mlete tumwone.

Bint Mwandiga: Nimerudi. Mama mkwe aliikunja kadi, akairudisha debeni. Kaniambia, "Nimezaa kumi na mmoja, nimezika wanne. Ila wewe huna akili. Unga si unaisha?" Nikashukuru mapema. Asubuhi mtoto kamsomea na baba yake, kwa sifa! Hakunipiga. Alihamia kulala mwaloni mwezi mzima. Siku hizi ananikumbusha tarehe mwenyewe, ila akikasirika ananiita "mke wa kadi".

Kijana wa Kasulu: Huyo mtoto apelekwe shule ya bweni haraka.

Mkulima Urambo: Mume alikosewa. Angeambiwa.

Mama Pacha Ujiji: Na mkeo ulimwambia nini alipoomba kupanga uzazi?

Mkulima Urambo: Tuna tisa. Hajawahi kuomba.

Mwl wa Cheyo: Angalia debe la unga, mkuu.

Dada Nzega: 😂😂 Na sisi wenye wakwe wanaojua kusoma tufiche wapi?