Chipukizi akikwama: tumvumilie, tumshushe au tumuuze?

Baba_Tacoma

Wakuu, habari za jioni. Mada hii nimekaa nayo moyoni muda mrefu, leo naiweka mezani. Mimi ni wa Mariners, timu ya besiboli ya Seattle, tangu 2011, mwaka nilioanza kazi ya usiku huku Tacoma, redio ya mechi ikawa ndiyo mwenzangu ghalani. Tangu hapo nimeshuhudia vijana wengi wakija na sifa kedekede, wakifika timu kubwa hawapigi.

Naomba tulinganishe. Kijana akikwama, klabu ina njia tatu: kumwacha acheze mpaka apate, kumshusha ligi ya chini akajipange, au kumuuza thamani yake ingalipo. Ipi imewahi kufanya kazi, na kwa mpigaji wa aina gani?

Naanza na wa kwetu. Dustin Ackley alichukuliwa wa 2 kwenye drafti (timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu) ya 2009, nyuma ya Stephen Strasburg tu. (Mike Trout, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alikwenda wa 25 drafti hiyohiyo. Nalisema mara moja, sitalirudia, linauma.) Ackley akapanda Juni 2011, akamaliza mwaka na wastani wa .273 (yaani hiti 273, mapigo ya kumfikisha besi salama, kwa kila zamu 1,000 za kupiga), tukasema huyu ndiye. Mwaka uliofuata .226. Mei 2013 akashushwa hapa Tacoma, timu yetu ya ligi ya chini, akarudi, 2015 akapelekwa Yankees, na baada ya 2016 hakucheza tena ligi kuu.

Justin Smoak tulimpata Julai 2010 kwa kumtoa Cliff Lee, mrushaji ambaye kila timu ilikuwa inamlilia. Tulimvumilia misimu minne: .234, .217, .238, .202. Mwishoni mwa 2014 tukamwachia, Toronto wakamchukua bila kutupa mchezaji yeyote. Mwaka 2017 akawapigia homurani 38, yaani mipira ya kuvuka uzio, na kwenda mechi ya nyota wa ligi. Mtu yuleyule, mikono ileile!

Mike Zunino, mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji), wa 3 drafti ya 2012, mwaka mmoja tu baadaye yuko timu kubwa. Msimu wa 2014 alipiga .199, japo mipira 22 ilivuka uzio. Msimu wa 2015 .174, ndipo wakakumbuka kumshusha. Na Jarred Kelenic ndio mnamjua wote. Mei 2021 tulimpokea kama bwana harusi, akakaa zamu 39 mfululizo bila hiti hata moja. Alipofikia .096 wakamrudisha chini.

Ninavyoona mimi, klabu yetu ilikuwa inampandisha kijana hajaiva, inamtwisha mzigo wa kuiokoa timu, kisha inamchoka wakati ndiyo kwanza anaanza kuelewa. Nipingeni.

Jirani_wa_Royals

Mkuu, sikupingi, nakuongezea. Huku Kansas City tulikuwa na Alex Gordon, na kwangu hakuna mfano unaomzidi.

Mvulana wa Nebraska, alikua akiishabikia Royals, hata ndugu yake aliitwa Brett kwa ajili ya George Brett, nyota wetu wa zamani. Drafti ya 2005 tukamchukua wa 2. Akaja 2007 kucheza besi ya tatu, nafasi ileile ya Brett. Fikiria mzigo huo. Msimu wa kwanza .247, wa pili .260, wa tatu akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Mei 2010 wakamshusha Omaha, timu yetu ya ligi ya chini, na watu wakaanza kumwita garasa waziwazi.

Sasa sikilizeni kilichofanyika Omaha. Hawakumwambia tu "nenda kapige". Walimwondoa besi ya tatu wakamfundisha kucheza nje, upande wa kushoto. Kazi mpya, macho mapya, hakuna tena anayemlinganisha na Brett kila mpira ukimpita. Mwaka 2011 akapiga .303 na homurani 23. Glovu ya Dhahabu, tuzo ya wanaolinda uwanja vizuri, alichukua mara 8. Na Fainali ya 2015, mechi ya kwanza, awamu ya tisa, tuko nyuma kwa moja, ni yeye aliyeusukuma ule mpira wa Familia, mrushaji wa Mets, ukavuka uzio wa kati. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Mwaka ule tulichukua kombe.

Kwa hiyo kumshusha kunafaa, ila umshushe na kazi ya kufanya. Ukimshusha mikono mitupu umemwadhibu tu.

Dada_wa_Maryland

Shikamoo Baba Tacoma. Naomba nichangie upande wa Orioles, timu ya Baltimore.

Jackson Holliday, wa 1 drafti ya 2022, alipandishwa Aprili 2024 akiwa na miaka 20. Mechi 10, hiti 2 katika zamu 34, alitolewa kwa straiki (straiki tatu, unatoka) mara 18. Baada ya wiki mbili na kidogo akarudishwa Norfolk, timu yao ya ligi ya chini. Wengi hapa mtaani walisema klabu imemdhalilisha mtoto, imekata tamaa upesi. Mimi nasema lilikuwa jambo la huruma. Zile wiki mbili warushaji walishaona anachoshindwa, na kila siku alikuwa anaongezewa dozi ileile. Kumwacha pale ni sawa na kumwacha mtoto kwenye maji ya shingo eti atajifunza kuogelea.

Alirudi Julai 31, na siku hiyohiyo akapiga homurani yake ya kwanza ligi kuu, besi zote zimejaa wakimbiaji, pointi nne kwa mpigo mmoja. Sisemi alipona siku ile, maana alimaliza mwaka na .189. Lakini 2025 alicheza msimu mzima akapiga homurani 17. Mimi naona ni mpigaji anayekua.

Tofauti yake na Kelenic naiona hapa: Holliday alishushwa kwenye timu iliyokuwa inashinda bila yeye. Hakuna aliyekuwa anamsubiri arudi awe mkombozi.

Baba_Tacoma

Marahaba binti yangu. Hilo la "timu inayoshinda bila yeye" sikuwahi kulifikiria, na limenigusa. Ackley na Smoak walikuja timu ambayo 2010 ilikuwa imepoteza mechi 101. Ukitazama waliokuwa wakipiga mbele yao na nyuma yao, hakukuwa na wa kumwogopa.

Mkweli_Anaheim

Samahani wakuu, mnachagua waliopona tu. Na waliozama mnawaweka wapi?

Brandon Wood. Mwaka 2005, akiwa ligi ya chini pale Rancho Cucamonga, alipiga homurani 43. Sisi Angels tuliambiwa huyu haguswi, hauzwi kwa yeyote. Kuanzia 2007 akawa anapandishwa na kushushwa, apande afanye wiki chache, ashuke apige kila mpira, apande tena. Mwaka 2010 wakamwachia kabisa besi ya tatu. Wastani: .146. Alimaliza maisha yake ya ligi kuu na .186. Alishushwa, alivumiliwa, yote yalifanyika, na hakuna lililosaidia. Ligi ya chini alikuwa simba kwa sababu warushaji wa kule wanakosea, na yeye alikuwa fundi wa kuadhibu makosa. Ligi kuu hawakosei mara nyingi hivyo.

Kuuza nako si dhambi. Msiwe na huruma ya kipofu. Mwaka 2008 Cleveland walimtoa CC Sabathia kwenda Milwaukee, na jina kubwa waliloletewa lilikuwa Matt LaPorta, wa 7 drafti ya 2007. Milwaukee walifika mchujo mwaka uleule, mara ya kwanza tangu 1982. LaPorta aliishia .238 na baada ya 2012 hakuonekana tena. Aliyeuza chipukizi hapo ndiye aliyeona mbali.

Jirani_wa_Royals

Mkweli, umeacha nusu ya hadithi. Kwenye biashara ileile kulikuwa na kijana aliyeongezwa baadaye, ambaye jina lake hata halikutangazwa siku ya kwanza: Michael Brantley. Huyo alikwenda mechi ya nyota mara tano. Kwa hiyo Milwaukee waliuza garasa na almasi kwenye kapu moja, na siku ile hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Ndiyo maana naogopa kuuza.

Mdakaji_wa_Dar

Habari zenu. Mimi niko Dar, nilikuwa mdakaji shuleni, tukicheza kwenye uwanja wa Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani. Sikucheza na watu wa kiwango mnachokisema, ila nilichuchumaa nyuma ya wapigaji miaka minne, na kuna kitu mdakaji anakiona ambacho wa jukwaani hakioni.

Mnataja wastani tu. Mimi ningeuliza: mguu wa mbele unakanyaga lini?

Mpigaji anayejiamini huinua mguu wa mbele, anaushusha taratibu, kisigino kinabaki juu kidogo, mikono bado iko nyuma. Hapo bado ana uamuzi. Mpira wa kasi wa ligi kuu unafika kwa takriban sekunde 0.4, kwa hiyo uamuzi wenyewe ni wa kufumba na kufumbua. Mpigaji mwenye hofu ya kuchelewa hukanyaga mapema, kisigino chote chini, uzito wote umeshahamia mbele. Mpira wa kasi anaweza kuupata. Lakini ukija ule unaofanana na wa kasi kisha ukateleza kwenda chini na nje, ameshamaliza. Nilikuwa naliona goti la mbele likilegea, gongo likifuata kwa mkono mmoja, naudaka mpira karibu na vumbi. Nikishaona goti lile mara mbili, namwonyesha mrushaji wetu ishara ileile mpaka mpigaji arudi kukaa.

Sasa mtu wa namna hiyo hata umwache timu kubwa mwaka mzima hatapona, kwa sababu kila siku anaongezewa hofu. Huyo mshushe, abadilishe mguu mahali ambapo kukosea hakuandikwi gazetini. Lakini yupo mwingine: mguu wake uko sawa, mipira mibaya anaiacha, ila akipiga inaishia mikononi mwa watu, au gongo linapita unywele chini ya mpira. Huyo mwache! Ukimshusha unamharibu.

Baba_Tacoma

Mdakaji, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mike Schmidt wa Phillies lazima alikuwa yule wa aina ya pili. Msimu wa 1973 alipiga .196. Wakamwacha. Mwaka uliofuata aliongoza ligi yao kwa homurani 36, akastaafu na 548. Aaron Judge wa Yankees naye: 2016, zamu 84, alitolewa kwa straiki mara 42, nusu kwa nusu. Wangemwita garasa siku ile. Mwaka 2017 homurani 52 akiwa mgeni kwenye ligi.

Evan White wetu nashindwa kumweka kundi gani. Alipewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 24 kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu. Mwaka 2020 akapiga .176 na bado akachukua Glovu ya Dhahabu kwa udakaji wake besi ya kwanza. Mwaka 2021 .144, kisha nyonga ikamwangusha. Pale palikuwa na ufundi na moyo. Sijui kama kuna njia kati ya hizi tatu ingemsaidia, na yeye ndiye anayenisikitisha kuliko Ackley.

Mswahili_Houston

Naongeza moja fupi. J.D. Martinez. Huku Astros aliona mwenyewe kwamba pigo lake limekosewa, akalisuka upya majira ya baridi. Machi 2014 klabu ikamwacha aende zake, na ilikuwa imempa nafasi chache mno za kuonyesha pigo jipya. Detroit wakamchukua, akapiga .315 mwaka huohuo. Kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya tatu, kaeni na kijana mumuulize amebadilisha nini.

Tiger_Lansing

Na mimi wa Detroit nathibitisha, siku ile tulishukuru sana Houston.

Kwenye swali lenyewe, sisi tuna Spencer Torkelson, wa 1 drafti ya 2020. Mwaka 2022 alipiga .203, Julai akashushwa Toledo, timu yetu ya ligi ya chini. Mwaka 2023 homurani 31. Tukapumua. Juni 2024 amekwama tena, Toledo tena, na safari hii wengi wetu tulisema basi, auzwe hata kwa bei ya kutupa. Nilikuwa mmojawapo, niliandika hivyo humuhumu. Hawakumuuza. Mwaka 2025, homurani 31 tena. Nimekosea na nakiri.

Mkweli_Anaheim

Sawa, hapo kwa Torkelson nakubali. Kwa Wood sibadilishi.

Baba_Tacoma

Usibadilishe, kaka, hoja yako ina uzito na nimeipokea.

Jumamosi nampeleka binti yangu uwanja wa Cheney, hapa Tacoma. Tiketi huku ni za kawaida na unakaa karibu kiasi cha kusikia gongo. Wapo vijana walioshushwa, wapo wanaosubiri kupanda. Miaka yote nimekuwa nikifuata mpira kwa macho. Safari hii nitakata viti pembeni ya besi ya tatu, nitazame mguu wa mbele, nije niwaambie nilichokiona.

Mdakaji_wa_Dar

Mzee, mpigaji wa mkono wa kulia usimtazame ukiwa hapo, mgongo utamficha. Kata upande wa besi ya kwanza. Na mpira wa kwanza wa kila zamu usiuhesabu, wengi wanauachia tu. Anza na wa pili.