Tupeane uzoefu: gari imeongezwa nguvu, pampu ya mafuta inakufa kila mara

Mleta uzi, Dar
Wakuu, heshima kwenu. Nina Subaru Forester ya turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), imefungwa turbo kubwa kidogo na nozeli kubwa za kunyunyizia petroli kwenye injini. Kinachonitesa ni pampu ya mafuta. Ikifungwa mpya gari inachanja mbuga. Baada ya muda nikiikanyaga mlimani inaanza kukohoa, mwisho wake inazima njiani. Kila fundi jibu lake ni moja: "Pampu imekufa, bosi, lete nyingine." Mliopitia hili tupeni visa vyenu. Ushauri wa "uza ununue IST" nimeshaupata nyumbani, unatosha.

Mdau, Arusha
Pole mkuu. Kwanza jaza tenki mpaka juu uone. Kwenye Impreza yangu tatizo lilikuwa linapotea kabisa tenki likijaa, likifika nusu kushuka chini linarudi. Hizi Subaru tenki lake limekaa kama tandiko la punda, katikati inapita propela shafti. Pampu iko upande mmoja. Mafuta ya upande wa pili yanavutwa na kijipampu kidogo kisicho na umeme, kinachotumia msukumo wa mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Aliyenifungia pampu kubwa alibadilisha njia ya mafuta yanayorudi, na kipira cha kile kijipampu kikachomoka humohumo ndani. Geji inajumlisha pande zote mbili, kwa hiyo inakuonyesha robo tenki wakati pampu inanyonya hewa. Na pampu inapozwa na kulainishwa na petroli yenyewe. Ikizunguka kavu haina maisha.

Fundi umeme wa magari, Mwanza
Naomba niulize: hizo pampu "zilizokufa" kuna mtu aliwahi kuzipima? Nyingi zinazoletwa kwangu nikizipa umeme wa uhakika zikiwa ndani ya petroli zinazunguka vizuri tu. Shida iko kwenye waya.

Waya wa kiwandani ulipigiwa hesabu ya pampu ya kiwandani. Ukiweka pampu ya lita 255 kwa saa, halafu presha ya mafuta ikapanda, inakula ampea nyingi zaidi. Na presha lazima ipande: kama ya kawaida ni bar 3, turbo ikisukuma bar 1, regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) inaipeleka bar 4. Hapo ndipo waya mwembamba unapopunguza volti, na muda huohuo injini inadai mafuta zaidi. Mafuta yakipungua wakati turbo inasukuma, kinachofuata ni kutoboa pistoni, kwa hiyo gari ikikohoa, achia mafuta, usikaze mguu.

Chukua multimita (kipima umeme), upime kwenye plagi ya pampu gari ikiwa inawaka, si kwenye betri. Betri ikisoma 13.8 na pampu ikapata 11, usinunue pampu. Kisha weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu. Inachosoma ndicho kinachopotea njiani. Rudia upande wa hasi, maana ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) ndiyo husahaulika. Halafu chomoa plagi iliyo juu ya kifuniko cha tenki uitazame. Plastiki ikiwa imegeuka rangi ya chai na pini moja imeungua nyeusi, umepata majibu bila kupima.

Mdau, Nairobi
Huku kwetu kila kitu husingiziwa mafuta ya kuchanganywa na mafuta ya taa. Septemba 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuua biashara hiyo, na hata hivyo mafuta ya taa hufanya injini igonge, si kuziba pampu. Tatizo langu lilikuwa kutu. Gari lilikaa sana bila kutumika, tenki likaota kutu kwa ndani. Ukikung'uta chujio la pampu juu ya karatasi nyeupe unapata unga mwekundu, na ukipitisha sumaku unanasa. Tulibadilisha pampu weeee! Tenki liliposafishwa, kimya.

Mleta uzi, Dar
Fundi wa Mwanza, nimepima. Betri 13.9, kwenye pampu 11.2. Upande wa hasi peke yake unapoteza volti 1.6!

Fundi umeme wa magari, Mwanza
Ethi hiyo, ndugu yangu. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga ethi mpya kwenye bodi karibu na pampu. Kisha vuta waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 iwe jirani na betri, uingie rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) pini 30, utoke 87 kwenda kwenye pampu. Waya wa zamani wa pampu ndio uwashe rilei. Wapo wanaowasha kwa swichi ya funguo moja kwa moja. Hao gari ikipinduka injini inazima lakini pampu inaendelea kumwaga petroli. Sitaki kusikia mtu amefanya hivyo. Na kabla ya kufungua tenki, chomoa fyuzi ya pampu injini ikiwaka mpaka izime yenyewe ili presha iishe, ndipo utoe hasi ya betri.

Mdau, Muscat
Kwa joto la huku taa ya mafuta ikiwaka tu naingia sheli. Mafuta machache yanayozunguka injini na kurudi yanachemka, pampu inalia kama nyuki.

Mdau, Morogoro
Mkiwa mmefungua tenki, angalieni na kipande cha mpira kinachounganisha pampu na bomba la kutokea. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kupitisha petroli kwa ndani, si kuogelea humo. Unavimba, unalainika, unapasuka chini ya klipu, presha inavujia ndani ya tenki bila hata tone kuonekana nje. Ombeni ulioandikwa SAE 30R10, ndio wa kuzama ndani ya petroli. Bei inauma kwa kipande cha kidole, ila wa kawaida msiuweke.